Maneno Aliyoyarudia Refa

Refa hakupenda kuitwa mwamuzi. Alisema mwamuzi ni mtu wa kukaa kwenye kiti kivulini, na yeye maisha yake amekimbia juani. Kwa hiyo na mimi nitamwita Refa, kama alivyoitwa Musoma mjini, Bunda, Butiama, na kule Buhemba kwa wachimba dhahabu, ambao wakifungwa wanatafutaga mtu wa kumlaumu kabla hawajavua jezi.

Miaka kumi na mmoja nilimshikia kibendera. Siku za kazi nashona yunifomu za shule kwenye baraza moja pale Musoma. Jumapili nikitoka kanisani navaa bukta nyeusi na kwenda popote ligi ilipo. Ligi yetu ni ya ng'ombe. Bingwa anapewa dume, mshindi wa pili beberu, na wengine wote wanarudi na majeraha yao. Haina televisheni wala mdhamini, na kabla ya mwaka juzi hakuna mtu nje ya mkoa aliyejua kama ipo. Sasa inajulikana, lakini inajulikana kwa uongo. Ukitafuta mtandaoni utamkuta Refa amenyoosha kidole mbele ya kijana mwenye asili ya Kihindi, na juu ya picha pameandikwa "refa mbaguzi". Mimi nilikuwa hatua chache kutoka kwenye kidole kile. Nimechoka kusoma habari za mtu huyu zilizoandikwa na watu ambao hawajawahi kumwona hata akifunga kamba za viatu, na hasira yangu sitaificha.

Kamba zenyewe alizifunga mara tatu kila mechi. Anafunga, anafungua, anafunga tena, huku amekunja uso utadhani anaenda kuoa. Bukta aliipiga pasi ya mkaa mpaka mkunjo ukasimama. Halafu anazunguka uwanja mzima peke yake, anaokota mawe, anasukuma mavi ya mbuzi kwa mguu, anapima hatua za penati kwa miguu yake na kuwaita makapteni wote wawili wapime kwa miguu yao. Wakibishana, anapima upya. Mara nyingi mechi ilichelewa kuanza kwa sababu ya kupima, na watu wakamtukana kwa hilo pia.

Hakula kitu kwenye mji wa timu mwenyeji. Siku moja Bunda, mama mmoja wa pale stendi alimletea sato wa kukaanga, bure, kwa heshima tu. Refa akamuuliza, "Mama, mwanao anachezea timu gani?" Mama akacheka, akasema mwanawe ndiye golikipa wa Bunda. Refa akamrudishia sahani kwa mikono miwili, akafungua gazeti alilofungia chakula chake, akala mhogo wa baridi aliotoka nao kwake Buswahili. Yule sato nikamla mimi, maana mshika kibendera hatoi penati. Refa alininunia mpaka tukafika Musoma.

Msidhani namfanya mtakatifu. Alikuwa mnoko, hasira zake ziko karibu, na sifa hakumpa mtu. Miaka yote ile alinisifia mara moja, akasema, "Leo hukulala." Kwenye fainali moja alimpa mpwa wake kadi nyekundu kwa kosa ambalo hata wapinzani walisema lilikuwa la njano, na dada yake hakumsalimia mpaka mvua za mwaka ule zikaisha. Nilipomwambia amekosea, alisema, "Huenda." Hakuwahi kusema zaidi ya hapo kwa kosa lolote la kwake.

Na alikuwa na utani mbaya. Mimi kwetu ni Bukima, kando ya ziwa, kwa hiyo akiniona tu anaanza: "Samaki katoka majini kuja kushika kibendera." Na mimi namwambia kichwa chake kimekauka kama makopa kwa kula mihogo. Wakurya aliwatania ng'ombe zao, Wajita dagaa zao, watu wa mjini aliwatania kuwa hawana kabila ila kodi ya nyumba. Siku moja nikambana.

"Refa, wewe toka asubuhi unawatania watu makabila yao. Halafu mchezaji akitukanwa na mashabiki unasimamisha mechi. Tofauti iko wapi?"

"Nikikutania wewe unanijibu," akasema. "Ukishindwa leo utanijibu kesho, na ukinuna nitaacha. Sasa mtu amezungukwa na uwanja mzima, amjibu nani?"

Nikamwambia wapo wanaocheka utani wake kwa sababu wanaiogopa filimbi, siyo kwa sababu wamefurahi. Jumapili iliyofuata hakumtania mtu yeyote, tukabaki tunamshangaa. Jumapili ya baadaye akarudia kama kawaida yake.

Sasa niseme habari ya kurudia maneno, maana hiyo ndiyo iliyommaliza.

Zamani, kabla sijaanza kumshikia kibendera, kuna beki mmoja alitukanwa uwanjani tusi baya la mama yake, na mama yake alikuwa amezikwa mwezi ule. Refa akaandika kwenye ripoti: "Alitumia lugha chafu." Kamati ya ligi ikamwita. Mwenyekiti akamuuliza, lugha gani? Pale mbele wamekaa wazee wa watu, Refa akaona aibu kuyatamka. Aliyetukana akasema yeye alimwambia mwenzake acha kunivuta jezi, basi. Kesi ikafa. Yule beki aliacha mpira, akaenda kuvua, na Refa alisemaga kila akimwona mwaloni, wanakoshushia samaki, anatafuta njia nyingine.

Toka siku hiyo akaweka utaratibu wake. Mchezaji akitukanwa, anapuliza, anasimamisha kila kitu, anaita makapteni wawili na aliyetukanwa. Anasimama mbele ya aliyetukanwa, ananyoosha kidole kuonyesha kwamba huyu ndiye aliyeambiwa, na anayasema maneno yote kama yalivyosemwa, bila kupunguza. Kisha anauliza, "Ndivyo ulivyoambiwa?" Mtu akiitikia, yanaandikwa kwenye daftari na makapteni wote wawili wanasaini hapo hapo. Siku ya kamati hakuna wa kuruka.

Ligi nzima ilijua hivyo. Kuna siku pale Butiama aliyarudia matusi ya nguoni mbele ya kapteni ambaye asubuhi yake alikuwa amefundisha watoto kanisani. Yule kaka alisaini amefumba macho. Tulicheka wiki nzima, na Refa hakuona tunachocheka.

"Si uandike tu?" nilimwambiaga. "Lazima uyaseme?"

"Nikiandika bila kusema, watasema nimeota."

Na magazeti aliyasoma kwa jicho hilo hilo. Tukiwa na mechi Bunda tulisubiria kwa kinyozi mmoja karibu na stendi, kijana mchangamfu, ana televisheni ukutani na simu kubwa haitoki mkononi. Jumapili ninayoisema, simu za watu wote zilikuwa zimejaa habari ya mchezaji mweusi huko Ulaya ambaye mashabiki walimpigia sauti za nyani mpaka akatoka uwanjani. Watu walikuwa na moto. Kinyozi alikuwa ameweka picha nyeusi tupu kwenye ukurasa wake, chini ameandika "Sisi sote ni yeye", na alikuwa anatusomea komenti za watu kwa sauti huku amemwacha mteja na nusu kichwa.

Refa yeye alikuwa amekasirikia gazeti. Liliandika kwamba mashabiki "walitoa maneno yasiyofaa".

"Yasiyofaa yapi?" akauliza, kana kwamba mwandishi yuko mle ndani. "Aliyetukanwa ameyasikia. Aliyetukana anayajua. Sasa wanamficha nani?"

"Refa, Wazungu hawana utu," kinyozi akasema.

"Tusubiri saa kumi," Refa akasema. Saa kumi ndiyo mechi ilikuwa inaanza.

Ilikuwa Bunda na Musoma. Timu ya Musoma ina winga mmoja mwembamba, mwepesi, ambaye kwao ni duka la vitambaa pale mjini. Babu wa babu yake ndiye alilifungua. Mimi nyuzi nanunuaga pale, na mama yake ananiongezeaga vifungo. Yule kijana Kijita anakijua kuliko Refa, na akikosa goli analaani kwa Kijita mpaka wazee wanageuka kutazama. Ukimwambia arudi kwao, atapanda gari la kwenda Musoma, atashuka stendi, na atatembea dakika tano.

Dakika za mwanzo akawapita mabeki wawili wa Bunda, akatoa krosi, likawa goli. Nyuma ya mgongo wangu, kwenye mstari wangu, sauti ikasema, "Wewe Mhindi, rudi kwenu, mpira siyo bizari." Watu wakacheka. Ikasemwa tena, wakaidaka wengine, na dakika haikupita upande mzima ulikuwa unaimba kila winga akigusa mpira. Niligeuka kuona ilikoanzia. Alikuwa kinyozi wetu, simu ile ile mkononi, anacheka mpaka machozi. Niliinua kibendera nikakishika juu mpaka Refa akaniona.

Akapuliza. Akaja kwangu, nikamwambia nilichosikia, akasema na yeye amekisikia. Akaita makapteni, akamwita winga. Akanyoosha kidole. Akasema kwa sauti yake ile ya kusomea somo la kanisani: "Wewe Mhindi, rudi kwenu, mpira siyo bizari. Ndivyo ulivyoambiwa?"

"Ndivyo, Refa," winga akasema.

Makapteni wakasaini. Refa akaenda mpaka kwenye kamba ya mashabiki, akawaambia wakirudia anamaliza mpira na dume la ligi litakula majani ya Musoma. Wakanyamaza. Kweli walinyamaza, mechi ikaisha moja moja, na sisi tukapanda gari kurudi. Njiani nilimwona winga anatania wenzake, nikajua yameisha.

Jumatatu mchana mteja aliniletea simu yake barazani. "Huyu siyo yule refa wenu?" Ilikuwa klipu ya sekunde chache. Refa anamnyooshea kidole winga. Refa anasema, wewe Mhindi, rudi kwenu, mpira siyo bizari. Imekatwa hapo hapo, kabla ya swali. Nani aliikata, mpaka leo sijui, na sijui hata kama alijua anachokata. Kufikia jioni ilikuwa imefika Dar es Salaam na kurudi, kila ukurasa wa michezo umeiweka na maneno yake, na kila mtu aliyewahi kutazama mpira alikuwa na hukumu. Afungiwe maisha. Afungwe jela. Wengine wakasema naye arudi kwao, sijui wapi, Buswahili labda.

Nilizisoma komenti zile kama mtu anayejikuna kidonda. Najua sikupaswa. Katikati yake nikakuta jina ninalolijua na picha nyeusi: kinyozi wa Bunda. Aliandika, "Aibu kwa soka letu. Watu wa aina hii hawana nafasi." Watu walikuwa wamempenda kwa komenti ile, wamemwekea mioyo. Nikamjibu pale pale, wewe ndiye uliyeanza kupiga kelele, nilikuwa mbele yako na kibendera. Majibu niliyopata ni kwamba mimi ni hawara wa refa, kwamba nimehongwa, na kwamba mwanamke anatafuta nini uwanjani. Mmoja alinishauri niende kushona. Huyo angalau alipatia.

Hakuna aliyempigia Refa. Yeye ana kiswaswadu, kile cha vitufe, na kilikuwa hewani wiki nzima. Nilimuuliza ni waandishi wangapi wamempigia. Akasema amepigiwa na mtu mmoja, alikuwa anaulizia mihogo.

Lakini mimi walinijia. Mwandishi wa redio moja ya mjini, kijana mpole, ana adabu, alikuja barazani na kinasa sauti. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilizima cherehani, nikampa kiti, nikamweleza yote: habari ya yule beki aliyeenda kuvua, habari ya kamati, daftari, sahihi za makapteni, swali linalofuata. Niliongea mpaka koo likakauka. Mwisho akasema, "Sasa dada, kwa kifupi tu, maneno hayo aliyasema au hakuyasema?"

"Ndiyo, aliyasema," nikajibu, "lakini alikuwa anarudia walichosema mashabiki."

Taarifa ya habari ya jioni niliwasha redio, nikawaambia na majirani wawashe. Mtangazaji akasema mshika kibendera wa mechi ile, ambaye amefanya kazi na refa huyo kwa miaka mingi, amethibitisha. Halafu ikaja sauti yangu: "Ndiyo, aliyasema." Wakaingia habari ya bei ya pamba.

Nilimpigia yule kijana. Akaniambia kwa upole wake ule ule, "Dada, muda wa habari ni mfupi." Mfupi. Bei ya pamba ilipata muda. Nilimwambia maneno ambayo Refa angeyaandika kwenye daftari. Kisha nikakaa chini nikajikasirikia mwenyewe, kwa sababu kuanzia asubuhi nilikuwa nalalamika watu wamekata maneno ya Refa, na mimi mwenyewe nikawapa ya kwangu yamekwisha pimwa tayari kwa mkasi. Ningeanza na mashabiki. Ningesema "mashabiki walisema" kwanza. Mpaka leo nikiwa peke yangu naipanga upya sentensi ile.

Refa alinipigia kabla sijapata nguvu ya kumpigia. "Nimekusikia redioni," akasema.

Nikaanza kulia na kueleza kwa pamoja.

"Umesema kweli," akasema. "Niliyasema. Nenda kapumzike, binti."

Na winga? Watu wananiuliza sana, kwa nini yule kijana hakusema. Alisema. Nilimfuata dukani kwao nikiwa na hasira, nikamkuta anapanga vitambaa, akanionyesha simu yake. Aliwaambia waandishi kwamba refa alikuwa anamtetea. Wakaandika kichwa cha habari: "Mchezaji amsamehe refa." Akawapigia kuwarekebisha, wakaandika amemsamehe kwa mara ya pili. "Dada, nikisema mara ya tatu wataandika nimehongwa," akaniambia. "Na mama hataki niseme tena. Anaogopa watu watakuja dukani." Mama yake alikuwa kwenye kaunta, ameinama anahesabu vifungo vyangu, na hakuinua uso.

Kamati ya ligi ilikaa na daftari likiwa mezani, limefunguliwa ukurasa wenye sahihi mbili. Wote mle ndani walijua ukweli. Mwenyekiti alisema hivyo kwa mdomo wake: sisi tunajua, Refa, lakini watu wanatutazama. Wakamwomba aandike barua ya kuomba radhi na apumzike kidogo mpaka mambo yatulie.

"Radhi ya nini?" akauliza.

"Ya kuyasema."

"Basi niandikieni nilichokosea, na mimi nitasaini."

Hakuna aliyeshika kalamu. Refa akavua filimbi shingoni, akaiweka juu ya daftari, akawaaga mmoja mmoja kwa mkono, akaenda kwake. Wiki iliyofuata kamati ikaniita na kunipa nafasi yake ya katikati. Nilikubali. Nilijiambia namtunzia tu kiti chake, na nadhani wiki mbili za mwanzo niliamini.

Kilichoniudhi kuliko vyote kilikuja baadaye. Hasira ya watu mtandaoni ilidumu kama siku kumi, ikahamia kwa mwanamuziki fulani na mke wake. Ila yale maneno hayakuondoka. Yakawa mzaha. Mtu akikosea kupika, mpira siyo bizari. Mtu akiachwa na gari, mpira siyo bizari. Wakatengeneza stika, wakaweka kwenye mlio wa simu. Vijana wawili waliniletea fulana zao barazani niwapunguzie mikono, na kifuani zimeandikwa maneno hayo hayo. Niliwarudishia. Wakashangaa, wakasema, "Mama, si ni utani tu?" Mmoja wao nilikuwa nimemwona kwenye zile komenti, anataka Refa afungwe.

Nilimtembelea Refa Buswahili mara moja msimu ule. Nilimkuta uani anamenya mihogo na mkewe. Alikuwa hajaiona klipu, kwa hiyo nikamwonyesha kwenye simu yangu. Aliitazama mara tatu, akasema mkunjo wa bukta haukusimama. Halafu akaniomba nimsomee watu walichoandika. Nikachagua zile chache za kheri.

"Soma zote," akasema. "Usinichagulie."

Nikasoma. Nilisoma moja baada ya nyingine, na matusi yake, na yale ya kwangu, na yeye anaendelea kumenya, anaitikia kwa kichwa kila nikimaliza moja kama anayehakiki orodha. Mkewe ndiye aliyenyanyuka, akaja akanishika mkono uliokuwa na simu. "Inatosha, mwanangu," akasema. Refa akasema bado. Mke akasema inatosha.

Baada ya hapo sikwenda tena. Sina sababu nzuri. Nilikuwa na mechi, nilikuwa na yunifomu za Januari, na kila nikifikiria kwenda niliona nitakwenda na filimbi yake shingoni.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwaka huu, Bukima, kwetu kabisa. Bukima na Musoma. Mimi ndiye refa wa kati. Uwanja uko karibu na maji, mashabiki wamejaa upande wa mwaloni, wavuvi wote wamepumzika siku hiyo. Kabla ya mpira kuanza nilimwona amesimama kati yao, kwenye mstari wa mbele, amevaa shati la kitenge. Alikuja kumwona mjukuu wake anayeichezea Bukima. Alininyooshea mkono, na mimi nikamnyooshea.

Dakika ya kumi hivi yule winga wa Musoma akapokea mpira upande ule. Wakaanza. Safari hii haikuanza sauti moja, ilianza kwa pamoja, na wimbo umeshatengenezwa, na makofi yake. Wewe Mhindi, rudi kwenu, mpira siyo bizari. Watoto wadogo wanaimba, kina mama wanacheka, hakuna mwenye sura ya chuki hata mmoja. Na simu zilikuwa juu, nyingi, zimenielekea mimi, kwa sababu walijua hapa ndipo refa anaposimamisha. Walikuwa wanangoja niseme.

Nilikuwa na filimbi mdomoni. Ilikuwa kupuliza tu. Nilijua hatua zote: makapteni, kidole, maneno, swali. Niliona na sekunde zile zitakavyokatwa. Niliona uso wangu na maandishi juu yake, niliwaona wateja wa yunifomu wanasoma, niliwaona wanangu wanaulizwa shuleni. Winga alikuwa amesimama, mguu juu ya mpira, ananitazama.

Nikamwonyesha kwa mkono: cheza.

Akacheza. Waliimba mpaka mapumziko na baada ya mapumziko. Kipindi cha pili winga hakuuita mpira hata mara moja, alisimama mbali na upande wa mwaloni, na kocha wake akamtoa. Bukima wakashinda. Kamati ilinipongeza kwa mechi tulivu.

Refa alinisubiri mpaka nikamaliza kukusanya vibendera. Nikamwamkia, akaitikia, tukasimama tunatazama watu wanavyotawanyika. Winga akapita na begi lake begani. "Shikamoo, Refa," akasema, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, wakaulizana habari za nyumbani, wakacheka jambo kwa Kijita. Mimi nilikuwa hapo hapo, karibu ya kuguswa. Hakunitazama. Akaenda zake kwenye gari la timu.

Ikabidi niseme. "Refa, yale waliyokuwa wanaimba."

"Yapi?"

"Unayajua. Niliyasikia nikaacha."

Aliinama akaokota kibendera kimoja nilichokiangusha, akakikung'uta mchanga, akanipa.

"Huku kuna upepo mwingi wa ziwa," akasema. "Mimi sikusikia kitu, binti."

Dakika zote tisini alikuwa amesimama katikati yao.